Bustani, Uwanja na Eneo la Wazi: Historia ya Mahali pa Umma Mijini na Majina Yake

Utangulizi

Mfasiri akutanapo na neno la Kiingereza "park" hana budi kwanza aulize ni mahali gani panapozungumzwa. Neno hilo likifuatana na wanyama wa porini, tutasema hifadhi au mbuga. Likifuatana na magari, tutasema maegesho. Likihusu mahali katikati ya mji, penye miti, maua na viti vya kukalia, wengi wetu husema bustani, wengine uwanja, na barua za serikali husema eneo la wazi. Kwamba neno moja la kigeni lapata maneno mengi kwetu si upungufu wa Kiswahili; ni dalili kwamba lugha yetu hutazama kitu chenyewe na matumizi yake kabla ya kukipa jina. Lakini katika hilo la mwisho, yaani mahali pa mapumziko ya watu mjini, majina yetu hayajatulia, na kutotulia huko kumekuwa na madhara yasiyo ya lugha peke yake.

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi mahali pa namna hiyo palivyoanzishwa katika miji ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20, kwa madhumuni gani, na wananchi walipaitaje. Mwishoni tutatoa mapendekezo ya istilahi.

Tumekusudia pia kumkumbuka mwalimu aliye mbali na miji hiyo. Tuchukue kwa mfano mwalimu afundishaye Igogwe, wilayani Rungwe. Kwa wanafunzi wake bustani ni matuta ya kabichi na karoti yaliyo nyuma ya shule. Wakisoma kitabuni kwamba serikali ya kikoloni "ilifanya bustani kwa ajili ya umma", watadhani kwamba serikali iliwalimia watu mboga. Wakifasiriwa neno hilo kwa "eneo la wazi", watadhani ni ardhi iliyobaki bila mwenyewe. Mwalimu huyo anahitaji jina litakalompa mwanafunzi picha ya kweli.

Asili ya neno bustani na jamaa zake

Bustani ni neno la Kiajemi lililotufikia kwa njia ya Kiarabu. Limeundwa kwa sehemu mbili: ya kwanza ina maana ya harufu nzuri, na ya pili ina maana ya mahali. Kwa hiyo bustani ni mahali pa harufu nzuri. Katika asili yake neno hili halikuwa na uhusiano wa lazima na mboga, bali lilihusu miti ya matunda, maua na kivuli. Maana ya mboga ilipata nguvu zaidi shuleni na katika kazi za ugani, ambako bustani ilitofautishwa na shamba kwa udogo wake na kwa kumwagiliwa maji.

Kiswahili kina maneno mengine ya jirani. Kitalu ni mahali palipozungushiwa ua kwa ajili ya kuoteshea miche. Kiunga ni viambaza vya mji, mahali penye miti ya matunda na nyumba chache, ambako wenyeji wa miji ya pwani walikwenda kupunga upepo. Uga ni nafasi iliyoachwa katikati ya nyumba, ambapo watu hukutana, watoto hucheza na ngoma huchezwa. Uwanja ni nafasi kubwa zaidi iliyo tambarare, na kiwanja, katika matumizi ya leo, ni kipande cha ardhi kilichopimwa ili kijengwe. Msomaji aiweke akilini tofauti hii ya uwanja na kiwanja, maana tutairudia.

Neno la Kiingereza nalo lilikuwa na safari yake. Hapo kale lilimaanisha msitu au mbuga iliyozungushiwa ua ili mfalme na makabaila wawinde humo bila kuingiliwa na watu wa kawaida. Ni katika karne ya 19 tu ambapo miji ya viwanda, iliyojaa moshi na maradhi, ilianza kutenga ardhi kwa ajili ya raia wote. Bustani ya Birkenhead huko Uingereza ilifunguliwa mwaka 1847, na inajulikana kama ya kwanza kugharimiwa kwa fedha za umma. Sehemu ya kwanza ya Central Park mjini New York ilifunguliwa mwaka 1858 kwa mpango wa Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux. Huko Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 20, palizuka wazo la bustani ya watu, yaani mahali pa kucheza, kuogelea na kukaa kwenye majani, si pa kutazama maua tu. Bustani kubwa ya mji wa Hamburg ilifunguliwa mwaka 1914 kwa kufuata wazo hilo. Hivyo neno lililokuwa na maana ya kuwazuia watu likapata maana ya kuwakaribisha.

Yafaa tukumbuke kwamba wakoloni walipofika kwetu walikuja na maana zote mbili, ya zamani na ya mpya. Je, katika miji ya Afrika Mashariki ni ipi iliyotumika? Historia inajibu kwamba zilitumika kwa namna tatu.

Namna ya kwanza: bustani ya majaribio

Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1893 chini ya utawala wa Kijerumani, na aliyehusika sana katika mwanzo wake ni Franz Stuhlmann. Haikufanywa kwanza ili watu wapumzike. Ilikuwa mahali pa kujaribia mimea iliyoletwa kutoka nchi nyingine za joto, ijulikane ipi itastawi na kuleta faida kwa biashara ya koloni. Kazi hiyo ya utafiti ilipokua ilipata chuo chake huko Amani, katika milima ya Usambara, kilichoanzishwa mwaka 1902.

Mambo yalikuwa hayo hayo kwa jirani zetu. Bustani ya mimea ya Entebbe, kando ya Ziwa Viktoria, ilianzishwa mwaka 1898. Mjini Nairobi, mwaka 1907, palitengwa mahali pa kujaribia miti ya kigeni, wakati reli ilipokuwa ikihitaji kuni nyingi kwa injini zake. Leo wakazi wa Nairobi hupumzika humo chini ya miti, lakini miti ile ilipandwa ili ipimwe.

Kwa hiyo hapa neno bustani lilitumika kwa usahihi wa asili yake, kwa kuwa palikuwa na miti, maua na harufu, lakini neno umma halikuwamo. Mwenyeji aliyeingia humo mara nyingi aliingia kama kibarua. Bustani ya Dar es Salaam ilipunguzwa ukubwa kadiri miaka ilivyopita. Pembeni yake yalijengwa makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1940, ambayo leo ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa. Kilichosalia cha bustani ndicho kilichogeuka polepole kuwa mahali pa mapumziko.

Namna ya pili: bustani ya zawadi na kumbukumbu

Namna ya pili ni bustani iliyotolewa na mtu mkubwa au tajiri kwa heshima ya mtawala. Huko Unguja, bustani iliyokuwa ya wanawake wa jumba la Sultani Barghash ilitolewa kwa umma mwaka 1899 na Sultani Hamoud bin Mohammed, ikapewa jina la Malkia Victoria. Jumba lililokuwamo likatumiwa na Baraza la Kutunga Sheria tangu lilipoanzishwa mwaka 1926. Baadaye bustani hiyo ikapewa jina lenye maana ya Bustani ya Watu. Tunaona hapa, katika mahali pamoja, safari yote ya neno: kutoka bustani iliyofungwa kwa ua, ambayo mwanamume mgeni asingeweza kuitia mguu, mpaka bustani ambayo jina lake lenyewe ladai kwamba ni ya watu.

Mjini Nairobi, mwaka 1906, mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee alitoa bustani pamoja na sanamu ya Malkia Victoria. Zawadi hiyo ina jambo la kutazamwa kwa makini. Mtoaji alikuwa Mhindi, katika mji ambao serikali yake iliwagawa watu kwa rangi, na bustani aliyoitoa ilikuwa katikati ya mji huo. Sanamu ilimtukuza Malkia, lakini jina lililobaki vinywani mwa watu ni la mtoaji. Mpaka leo magazeti ya Kiswahili ya Kenya huandika "bustani ya Jeevanjee", bila kutaja ufalme.

Mfano wa tatu ni Forodhani, Unguja. Hapo palikuwa mahali pa ushuru na mizigo ya bandari, na ndiyo maana ya jina lake. Shughuli hizo zilipohamia mahali pengine, pwani hiyo iligeuzwa bustani, na katika mwaka 1936, Sultani Khalifa bin Harub alipotimiza miaka 25 ya utawala wake, ikapewa jina la kuadhimisha jubilii. Jina hilo lilikuwa la ramani. Wananchi hawakuacha kusema Forodhani, na hata ilipotengenezwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2009, ni jina hilo la wananchi lililotumika. Hapana forodha tena pale. Pana pweza, mishikaki, na vijana warukao baharini jioni. Lakini jina limebaki, kwa kuwa Kiswahili hupenda kupaita mahali kwa kazi iliyofanyika hapo, kikaongeza kiambishi -ni, basi.

Namna ya tatu: uwanja wa kutenganisha

Namna ya tatu ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa wa mfasiri, kwani uchungu wake umefichwa na maneno ya upole.

Serikali ya Kijerumani iliugawa mji wa Dar es Salaam katika sehemu za ujenzi kwa kufuata aina ya nyumba, na katika mwaka 1914 ilikuwa na mpango wa kuwahamishia Waafrika upande wa magharibi wa mji. Vita vikaukatiza mpango huo. Sehemu iliyotengwa ikatumiwa na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, na kutokana na jina la Kiingereza la kikosi hicho tukapata jina Kariakoo. Waingereza waliposhika utawala hawakuufuta mgawanyo. Waliuendeleza, na katika miaka ya 1920 wakaacha ukanda wa ardhi usiojengwa kati ya mtaa wa Wahindi na Kariakoo. Hoja waliyoitoa ilikuwa ya afya: kwamba nafasi hiyo ingezuia maradhi yasipite kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ukanda huo ndio Mnazi Mmoja.

Unguja nako kuna Mnazi Mmoja, nafasi iliyo ukingoni mwa Mji Mkongwe kuelekea Ng'ambo, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa viwanja vya michezo ya Wazungu. Jina Ng'ambo lenyewe latosha kueleza: anayeitwa wa ng'ambo anatazamwa na aliye upande huu.

Katika karatasi za serikali nafasi kama hizo ziliitwa za wazi, au zisizo za upande wowote. Maneno hayo ni ya upole mno. Mahali pale palikuwa ua usio na miti ya kuonekana. Mfasiri wa hati za wakati ule akiandika "bustani ya umma" atakuwa amewasitiri walioigawa miji kwa rangi. Akiandika "uwanja wa kutenganisha" atakuwa amesema kweli.

Hata hivyo wananchi walifanya jambo lao. Mnazi Mmoja ya Dar es Salaam, iliyoachwa wazi ili watu wasikutane, ikawa ndipo watu wanapokutana. Wakati wa kudai Uhuru ilikuwa mahali pa mikutano ya hadhara ya TANU, na baadaye pakajengwa mnara wa kumbukumbu ya Mwenge wa Uhuru. Uwanja wa kutenganisha ukageuka uwanja wa umma. Jina Mnazi Mmoja halikubadilika. Kilichobadilika ni maana yake.

Mafunzo kutoka Rungwe

Kwa mifano hii mtu aweza kudhani kwamba mahali pa mapumziko ya watu wote ni jambo la miji ya kikoloni, lililoletwa na meli. Ndipo inapotupasa turudi Rungwe.

Wasafiri kutoka Uingereza waliopita kaskazini mwa Ziwa Nyasa kati ya mwaka 1877 na 1880, Joseph Thomson akiwa mmoja wao, walistaajabia vijiji vya Wanyakyusa. Kabla ya kuja kwa wamisionari wa Kimoravia na wa Berlin mwaka 1891, na kabla ya Wajerumani kujenga boma lao Tukuyu, vijiji hivyo vilikuwa na nafasi tambarare zilizofagiliwa, zisizo na takataka, zenye kivuli cha migomba na miti mikubwa. Thomson, aliyezoea kuandika juu ya taabu za njiani, aliiona nchi hiyo kama kitu cha hadithi. Wala hapakuwa na fundi wa bustani aliyelipwa mshahara. Usafi ulikuwa wajibu wa wenyeji.

Mtaalamu wa mila Monica Wilson, katika kitabu chake cha mwaka 1951 juu ya vijiji vya marika vya Wanyakyusa, alieleza kwamba vijana wa rika moja walijenga kijiji chao pamoja na kuishi humo, na kwamba jambo lililothaminiwa sana ni ukwangala. Neno hilo la Kinyakyusa lina maana ya kukaa pamoja kwa furaha, kuzungumza, kula pamoja, na kutokana na hayo kusaidiana. Kwa maoni yetu, hilo ndilo lengo ambalo waliotengeneza bustani za watu za Ulaya walikuwa wakilitafuta kwa gharama kubwa.

Basi mwalimu wa Igogwe hana haja ya kuanzia Birkenhead. Aanzie kwenye nafasi iliyofagiliwa ya kijiji cha wazee wake, kisha aseme: mjini watu ni wengi na hawajuani, kwa hiyo nafasi kama ile hutunzwa na halmashauri kwa kodi ya wote. Mwanafunzi ataelewa mara moja maana ya umma, kwamba ni mali ambayo kila mtu ana haki nayo na kila mtu ana wajibu nayo.

Rungwe inatupa funzo jingine. Uwanda wa Kitulo, ulio jirani, ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 kwa sababu ya maua yake. Lakini wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Sheria imesema hifadhi, watu wamesema bustani, na wote wamesema sawa: sheria imetaja ulinzi, watu wametaja uzuri.

Jina na hatari yake

Msomaji aweza kuuliza: mji ukiwa na miti na watu wakiwa na kivuli, jina lina kazi gani? Tunajibu kwamba jina hulinda au hutoa.

Katika mwaka 1989 ulitolewa mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru mjini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1969. Profesa Wangari Maathai aliupinga hadharani, akatukanwa, lakini jumba halikujengwa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1991, ukaja mpango wa kujenga juu ya bustani ya Jeevanjee maegesho ya magari na maduka. Huo nao ulipingwa, ikiwa ni pamoja na jamaa wa mtoaji, ukaachwa. Katika mabishano ya namna hii upande mmoja husema kuna nafasi tupu isiyotumika, na upande mwingine husema kuna bustani ya watu. Mahali ni pamoja. Majina ni mawili. Na kila jina lina hatima yake.

Hapa ndipo tunapoliona tatizo la istilahi "eneo la wazi". Katika mipango miji ni istilahi halali, inayojumuisha kila nafasi isiyojengwa kwa makusudi. Lakini katika masikio ya mwananchi, kilicho wazi ni kitu kilichokosa kujazwa: nafasi ya kazi iliyo wazi hujazwa, na nyumba iliyo wazi huingiwa. Tukiongeza neno kiwanja, ambalo siku hizi ni kipande cha kugawiwa na kujengwa, tumekwisha kuandaa akili za watu kwa ugawaji. Hatusemi kwamba maneno ndiyo yanayovamia ardhi. Watu ndio wavamiao. Lakini mtumishi anayeandika muhtasari wa kikao, akaandika "eneo la wazi" mahali alipopaswa kuandika "bustani ya umma", amempunguzia mvamizi kazi.

Mapendekezo

Kutokana na historia tuliyoieleza, tunapendekeza yafuatayo kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali.

Kwanza, bustani ya umma itumike kwa mahali mjini palipopandwa miti, majani au maua na kutunzwa kwa ajili ya mapumziko ya watu wote. Sifa "ya umma" isiachwe katika hati za kisheria, hata ikionekana ndefu, maana ndiyo inayoitofautisha na bustani ya mboga na ya nyumbani.

Pili, bustani ya mimea itumike kwa mahali pa kukusanyia na kuchunguzia mimea. Kwa bustani za kikoloni za aina hii, mwanahistoria aseme bustani ya majaribio panapokuwa na sababu ya kuonyesha lengo lake la awali.

Tatu, uwanja wa umma utumike kwa nafasi ya mikutano, michezo na sherehe, hata kama haina miti. Neno kiwanja liachiwe ardhi ya kujengwa. Majina yaliyokwisha zoeleka, kama viwanja vya Mnazi Mmoja, yasibadilishwe.

Nne, neno uga lifufuliwe kwa nafasi ndogo iliyo kati ya nyumba za mtaa mmoja. Ni neno letu, ni fupi, na hakuna jingine lifaalo kuliko hilo.

Tano, hifadhi ibaki kwa ardhi inayolindwa kisheria kwa ajili ya wanyama, mimea au vyanzo vya maji, na maegesho yabaki kwa magari.

Sita, eneo la wazi litumike kama istilahi ya jumla tu katika ramani na takwimu. Kila mahali panapohusika patajwe pia kwa aina yake na kwa jina wanalolitumia wakazi.

Tunaomba wasomaji wa wilayani, hasa walimu, watuletee maneno ya lugha zao yanayotaja nafasi za kukutania, kama vile Wanyakyusa walivyotupa ukwangala. Majina ya mitaa na nafasi za miji yetu yanaandikwa upya kila halmashauri inapotengeneza ramani, na karani anayeiandika hawezi kulitumia neno ambalo hakuna aliyemletea.